Kiboksi cha Chumbani Mwangu

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu,

Nakusalimu kwa mkono wangu mwenyewe, mkono wa mtu aliyeishia darasa la nne, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanayogombana na ngazi. Wewe je, ule mguu? Na dawa unazimeza au unazitazama? Nakujua. Tangu utoto ulikuwa unaficha vidonge chini ya godoro.

Utashangaa kupata barua na simu ipo. Soma mpaka mwisho, utajua kwa nini.

Kiboksi chetu cha mtandao waya wake uliingilia dirishani kwangu, basi kikakaa chumbani mwangu. Mimi kitu cha ghali sikiachi kipigwe vumbi. Nikakiweka nyuma ya kabati langu la chuma, lile lenye kioo kirefu, nikakifunika kitambaa nilichofuma mwenyewe. Kikawa kinakonyeza taa zake huko nyuma. Haukupita muda wajukuu wakahamia kwangu: mmoja kitandani, mmoja kwenye mkeka, mkubwa kaegemea ukuta, kila mtu na simu yake. Nikiwafukuza wanasema bibi, kwako ndiko kunakoshika. Mdomo ukawa unagomba, mikono inawasogezea mito.

Aliyeumia ni mkwe wangu. Tangu ofisi yao iwaambie wafanyie kazi nyumbani, anajifungia chumba cha mwisho na kompyuta yake, na kwenye mikutano wenzake wakawa wanasikia nusu neno. Bosi akamwambia kwamba asiposikika, kazi itapewa anayesikika. Akaita fundi.

Fundi mwenyewe mnene, maneno mengi. Nilimketisha anieleze, maana sipendi kulala na kitu nisichokijua. Alisema intaneti inafika kwa waya, kiboksi kinaigeuza mawimbi, ndugu wa yale ya redio, yanasambaa pande zote kama mwanga wa taa. Simu inayapokea, nayo inajibu kwa mawimbi hayo hayo. Ukuta unayapunguza, maji yanayameza, chuma na kioo vinayarudisha yalikotoka. Akasema mama, umeifungia taa kabatini halafu mnashangaa nyumba ina giza. Tena yapo ya namna mbili: ya kwanza yana mbio, lakini yakikuta kuta mbili pumzi imekwisha, ya pili yanajikokota, lakini yanafika mbali. Nikamwambia hayo ya pili ndiyo mimi. Alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka.

Akavuta waya, akakipandisha kiboksi juu ya ukuta wa koridoni, katikati ya nyumba. Mkwe akasikika, kazi ikabaki yake. Nilifurahi, sitasema uongo. Ila siku ile ile wajukuu walitawanyika, kila mmoja na mlango wake. Wanapita kwangu, shikamoo bibi, wanaendelea. Hawana ubaya. Vicheko vyao navisikia kupitia ukutani, vimepungua, kama alivyosema fundi.

Ndipo ukapiga, tukatazamana usoni. Ukasema tangu shemeji yangu afariki nyumba imekuwa kubwa mno, ukaniomba nije tukae wote. Picha yangu ikaganda. Ukaita dada, dada, ukasema mtandao wa huko ni bure kabisa, ukakata. Kisha ukampigia mkwe kulalamika, naye akamrudisha fundi. Maskini alipima kila kona, asione kasoro, akaondoka anajikuna kichwa kama mtu aliyesahau kwao.

Mdogo wangu, mtandao haukuwa na neno. Ni mimi niliyejigandisha. Nilikusikia mwanzo mpaka mwisho, nikatoa macho, nikaacha mdomo wazi, nikabana pumzi. Ujanja huo niliuona kwa mjukuu wa kati akimkwepa mwalimu wake kwenye somo la mtandaoni. Na pazia nyuma yangu lilikuwa linapepea, nashangaa hukuliona. Macho nayo kayapime.

Unataka kujua kwa nini. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, mimi ndiye niliyekuchania nywele ukilia. Ningeitikia pale pale, ungesema kumbe dada alikuwa anasubiri kuitwa. Na kweli nilikuwa nasubiri. Uso wangu ungenisema, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Jibu ni ndiyo, nakuja. Mwanangu nimekwisha kumwambia. Akauliza watoto watagombezwa na nani. Nikamwambia wanipigie, nitawagombeza kwa simu, sasa nyumba nzima inashika. Fundi naye nimemtumia salamu kwamba kazi yake haina doa, aache kujikuna.

Kwako usiite fundi yeyote kabla sijafika. Kiboksi chako kiweke nyuma ya kabati la chuma, pawe na chumba kimoja tu kinachoshika, na humo uweke viti viwili na mkeka. Wajukuu wakija likizo, watajua pa kukaa.

Wasalimie majirani wote, hata yule mwenye redio ya kelele, mwambie naja. Na hizo dawa uzimeze, nitazihesabu.

Ni mimi dada yako,
niliyekubeba.