Ayandiran, Ulikataa Kuuruka Mlango wa Mjomba

Mwaka umetimia, mdogo wangu Ayandiran, tangu tukuzike, kwa desturi yetu, chini ya sakafu ya chumba chako hapa mjini Igbo-Olosun. Watu wanatuambia hasira zetu zipoe. Hazijapoa.

Ulikuwa mpiga ngoma wa mfalme, kama baba yetu. Ulipenda amala, ugali wetu wa unga wa viazi vikuu, ukiwa wa moto, na mwanamke yeyote aliyepita na sinia ulimpigia sifa za ukoo wake mpaka akacheka na kukupakulia. Mimi nilipohitimu shule ya jioni na kupata kazi posta, hukuacha kunitania: "Bwana Posta, wewe soma gazeti, mimi nausoma mji."

Kila mwenyeji anajua sikukuu ya viazi vikuu vipya inavyokwenda. Mfalme anazunguka mji, mpiga ngoma anatangulia. Kila boma likifikiwa, ngoma inalitaja kwa sifa zake, na mfalme anasimama na kulichezea kidogo. Boma lililochezewa, watu wake ni wenyeji. Lililorukwa, watu wake ni wapangaji, na ardhi yao haikosi wa kuichukua.

Asubuhi ya sikukuu yako ya mwisho, katibu wa mfalme alikuja barazani kwetu. Ardhi ya Ile-Alaro, boma la watia nguo nili, ilikuwa imeshaahidiwa mtu wa kituo cha mafuta.

Akakuita kwa jina la mwanao Ayankunle: "Baba Kunle, ukifika Ile-Alaro leo, pumzisha mkono kidogo. Nani ataona?"

Ukamjibu huku ukikaza kamba za ngoma: "Kijana, pale ndipo alipozaliwa mama yangu. Mkono huu haujui kuruka mlango wa mjomba. Aliyekutuma ana mikono, aje apige mwenyewe."

"Unazeeka vibaya, Baba Kunle."

"Afadhali mimi nazeeka. Wewe umeoza ungali mbichi."

Ukapiga. Mfalme akasimama, akacheza, maana ngoma ikishaita hana njia. Kesho yake walikuvua kofia yako ya mpiga ngoma wa mfalme mbele ya watu, wakasema ulikuwa umelewa. Wewe, ambaye hata pombe ya mchikichi hukuwahi kuionja. Hukutoka tena nyumbani, na mwezi haukuisha ukatutoka. Daktari alisema ni presha. Sisi tunawajua waliokupa presha hiyo.

Mwaka huu mvua zilichelewa, na sikukuu imesogezwa hadi Jumamosi hii. Juzi katibu yule yule alileta mbuzi, akaomba picha yako waiweke kwenye bango.

"Baba, marehemu alikuwa hazina ya mji."

Nikamwambia, "Hazina mliitupa jalalani. Shika mbuzi wako, njia unaijua."

Picha hawapati. Wamekodi mpiga ngoma wa mji mwingine, na wamekwisha kumwelekeza pa kunyamaza.

Kwa hiyo kumbukumbu yako hatutaifanyia nyumbani. Jumamosi mwanao Ayankunle atasimama na ngoma yako mlangoni pa Ile-Alaro, na sisi wote nyuma yake, wazee kwa watoto. Msafara ukifika, atalitaja boma hilo kwa sifa zake zote. Mfalme akitaka kupita bila kusimama, apite akitutazama machoni.

Wanaokukumbuka ni mkeo Abeje. Wanao Ayankunle na Ayanbunmi. Dada yetu Ayansola. Wajomba wote wa Ile-Alaro. Nami kaka yako, Ayangbemi.

Maadamu mmoja wetu anapumua, hutasahaulika, wala hutarukwa.