Ile Karatasi ya Sefu

Queensbury, London
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na zile dawa za presha, unazimeza au unazipanga tu kabatini kama sahani za wageni? Bibi je, bado anagombana na redio? Huku Nasra hajambo, amerefuka, magauni yote ya Idi iliyopita yamemwishia magotini. Anaelewa kila ninachomwambia, lakini akifungua mdomo ni Kiingereza kitupu. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haijakaa mahali pake, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu.

Simu yako, Mama, ni ya mtaa mzima. Ukipokea tu umeshaweka sauti ya juu, kaka Hamza yupo, wifi yupo, na jirani aliyekuja kuomba chumvi naye anatia neno. Haya ya leo ni yako peke yako. Huyo Bi Zuhura aliyekuletea bahasha ni jirani yangu, amekuja Tanga kwenye harusi ya mpwa wake, na nimemwambia asimpe mtu mwingine hata akililiwa. Vaa miwani, funga mlango, usome taratibu. Usimpe Hamza akusomee.

Unajua mwaka huu natimiza miaka mitano huku, na sasa ndio wakati wa kuomba ukaazi wa kudumu. Nikiupata huo, basi, hakuna tena viza ya kuhesabu siku. Mdhamini wangu ni Yusufu, na kila kitu kimesimama juu ya ndoa yetu. Mtihani wao wa maisha ya Uingereza nimeshafaulu, nimekariri wafalme wao mpaka na wake zao. Bili na barua zenye majina yetu mawili tumezipanga kwenye faili nene kama msahafu. Nikajiona nimeshafika.

Wiki tatu zilizopita tukaenda Harrow kwa wakili, mimi na Yusufu. Wakili mwenyewe anaitwa Bi Hansa, Mhindi wa makamo, mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili anakizungumza kama sisi tu. Akatupa chai ya maziwa, akaipitia fomu ukurasa kwa ukurasa. Akafika pale panapouliza kama mmoja wetu aliwahi kuoa au kuolewa kabla. Yusufu akasema hapana. Na mimi nikasema hapana. Wakili mwingine angeandika akaendelea. Huyu akaweka kalamu chini.

“Mwanaidi, mimi nimekulia Mombasa,” akasema. “Siulizi harusi ya ngoma na pilau. Nauliza hata nikaha tu ya sebuleni. Wazee wamekaa, mahari imepokelewa, nikaha imesomwa, halafu bibi harusi hakupelekwa kwa mumewe, mambo yakavunjika. Iliwahi kutokea?”

Yusufu akacheka. “Huyu? Mama yake alikuwa hamtoi hata dukani.”

“Hapana, Bi Hansa,” nikasema. Yusufu akatikisa kichwa kukubali. Bi Hansa akanitazama kidogo, akaandika.

Wewe na mimi tunajua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wewe na Mama Mkubwa, dada yako wa tumbo moja, mlitaka watoto wenu waoane, na Baba, Mungu amrehemu, akaniozesha kwa Sefu sebuleni kwetu baada ya sala ya alasiri. Mimi nilikuwa chumbani, nasikia tu sauti za wanaume. Harusi ingekuja Sefu akishapata nyumba. Akaenda Mombasa kutafuta kazi, na badala ya nyumba akapata mwanamke. Baada ya miezi saba baba yake mdogo akaja kwetu na talaka. Niliiona kwa mbali, ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nne. Uliisoma umesimama, ukaifunga kwenye pindo la khanga, ukaniambia, “Wewe hujaolewa. Yale yalikuwa maneno ya wanaume.” Hata eda sikukaa, maana Sefu hakuwahi kunigusa. Na tangu siku hiyo wewe na dada yako hamjakanyagiana kizingiti.

Yusufu alipokuja kuposa mliniozesha kama mwari, na mwari kweli nilikuwa. Siku ya kujaza fomu ya viza kule mjini, yule dada wa kompyuta aliponiuliza kama niliwahi kuolewa, ulijibu wewe kabla sijafungua mdomo: “Huyu? Ndiyo kwanza.” Sikulaumu, Mama. Nilifurahi. Mwenyewe nilikuwa nimeshaamini.

Lakini tangu siku ile ya Harrow sina raha. Bahasha ikidondoka mlangoni nakimbilia kuiokota kabla ya mtu mwingine. Yule bikizee ninayemtunza, nikimwogesha, aliniuliza mbona sabuni umenipaka mara mbili, mgonjwa ni mimi au ni wewe? Kwenye basi mwanamume mmoja wa suti alinitazama mara mbili, nikashuka vituo viwili kabla ya changu, nikatembea kwenye mvua. Upuuzi, najua. Ila nawaza kwamba wakigundua wenyewe watasema nimewadanganya tangu fomu ya kwanza, na mtu aliyedanganya hapa hasikilizwi tena. Nasra ana pasipoti ya Kiingereza. Yusufu anayo. Katika nyumba hii mgeni ni mimi peke yangu. Atakayepandishwa ndege ni mimi, na mwanangu atabaki huku akisukwa nywele na watu. Naogopa, Mama. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku ya kujifungua.

Baada ya siku kumi nikashindwa. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Harrow bila kumwambia mtu.

“Nilikuona siku ile,” Bi Hansa akasema, wala hakushangaa. “Talaka iko wapi?”

“Kwa mama.”

“Ina tarehe? Ina mashahidi?”

“Sijui. Sijawahi kuisoma.”

Akashika kipaji cha uso. Akanieleza kama ilivyo, bila kunipaka mafuta. Karatasi ikiwepo, na ikionyesha kwamba Sefu aliniacha kabla sijaolewa na Yusufu, ataandika barua kueleza ukweli wote, kwamba nilidhani nikaha isiyofika harusi haihesabiki. Wanaweza kuelewa, wanaweza kukataa, haniahidi. Karatasi isipokuwepo, itaonekana nilikuwa mke wa mtu siku niliyoolewa na Yusufu, na hapo hata yeye hajui aanzie wapi. “Na siandiki mstari hata mmoja ambao mumeo haujui,” akasema. “Yeye ndiye mdhamini. Nenda ukamwambie.”

Nilimwambia Jumamosi, siku yake ya mapumziko, Nasra yuko madrasa. Alikuwa anapiga pasi mashati yake ya kuendeshea basi. Nilisema yote kwa pumzi moja, nimesimama mlangoni. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliisimamisha pasi, akachomoa waya.

“Nilikuwa nimekaa pembeni yako,” akasema. “Nikatikisa kichwa. Umenifanya shahidi wa uongo, na mimi nacheka.”

“Wallahi, Yusufu, hakunigusa hata kidole.”

“Sikukuuliza hilo. Alikuacha?”

“Aliniacha.”

“Talaka umeiona?”

“Nimeiona ikiwa imekunjwa.”

“Basi hujaiona.”

Leo ni siku ya tisa Yusufu analala sebuleni. Hanitukani, Mama, usije ukamfikiria vibaya. Anakula nilichopika, anasema ahsante, anamtia Nasra viatu. Ila anasema mpaka aione hiyo karatasi kwa macho yake hajui mimi ni mke wa nani, na yeye hawezi kulala na mke wa mtu. Nitamjibu nini? Mtu anamcha Mungu. Nasra akaniuliza kwa Kiingereza chake kwa nini Baba analala kwenye kochi, nikamwambia mgongo unamuuma. Na huku nina faili zima la kuonyesha watu wa uhamiaji kwamba tunaishi pamoja kama mke na mume. Jana nilianza kulipitia, nikalifunga.

Sasa sikiliza. Viza yangu inakwisha wiki sita kutoka leo. Bi Zuhura anarudi London baada ya wiki tatu, na karatasi ije mkononi mwake. Usimwambie Hamza aipige picha, Bi Hansa anataka yenyewe. Usiikunje upya, usiitie kwenye unga wala kwenye mfuko wa dagaa. Na tafadhali usinigombeze kwa kusema. Najua uliniambia nifunike, na nimefunika miaka kumi na miwili, wala sijuti kukutii. Ulikuwa unanilinda na midomo ya mtaa. Lakini mtaa huo sikai tena.

Nisalimie kaka Hamza na wifi, waambie picha za mtoto wao nimeziona, kafanana na Baba mpaka masikio. Nisalimie Bibi, mbusu mkono kwa niaba yangu. Nisalimie mwalimu wangu wa chuoni, aliyenifunza Kurani, kama bado ananikumbuka, aniombee dua bila kuuliza ya nini.

Salamu za mwisho ni hizi. Sijui kama ulikuwa na moyo wa kuitunza karatasi ile. Nakujua, kitu kikikuudhi hukiweki ndani. Kama karatasi hunayo, nisalimie Mama Mkubwa. Najua hamsalimiani. Salamu hizi usimtume mtu azipeleke. Vaa buibui uende mwenyewe, ugonge mlango wa dada yako, na akifungua mwambie Mwanaidi anasema shikamoo. Kisha umwombe amwite Sefu, aende mbele ya sheikh na mashahidi, aandike kwamba aliniacha, na aliniacha lini. Ukiona ulimi mzito kusema umekuja kuomba, sema ni mimi niliyekutuma. Nawaogopa watu wa uhamiaji, namwogopa mume wangu aliyeko sebuleni, lakini ninayemwogopa zaidi ni wewe, Mama. Naogopa utafika pale kwenye kona, uione nyumba yake, ugeuke. Usigeuke.

Mwanao,
Mwanaidi