Mafuta ya Kondoo ya Mama

Noonkopir, Kitengela
Jumapili

Kwa wifi yangu Nasieku,

Takwenya! Natumaini hapo Kajiado mko salama, ng'ombe wanapata nyasi na kile kikohozi cha Mama kimepungua. Sisi tupo, ingawa ukiniuliza niko aje, nimechoka mpaka basi. Naandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu nitaanza kulia, na Mama hapokei simu yangu.

Najua alifika huko na hasira. Unajua Sianoi wetu alizaliwa na mgongo wazi, hasikii haja kubwa ikija. Tangu kliniki inifundishe kumuosha tumbo kwa mpira na maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kila jioni, kisha akae chooni nusu saa, amekuwa msafi muhula mzima. Darasa la tatu, bila nepi! Nilikuwa nimeanza kutembea kichwa juu.

Haya, Alhamisi mwalimu mkuu akaniita. Mtoto alikuwa amejichafua darasani, wenzake wameziba pua. Nikaambiwa kuanzia Jumatatu avae nepi na akae peke yake karibu na mlango, ama nimtafutie shule nyingine. Shule nyingine! Kama anaijua, si angenionyesha?

Kufika nyumbani nikakuta chupa ya mafuta ya kondoo mezani. Mama alikuwa amemyeyushia mtoto kijiko kimoja asubuhi, ati kusafisha tumbo, vile alivyowafanyia nyinyi wote. Nasieku, nililipuka. Nilimwambia ameharibu kazi yangu yote. Ndugu yako Metito naye, badala ya kutuliza mambo, akamwambia mama yake mzazi asimguse mtoto tena. Mama akakunja shuka zake akaondoka bila hata chai.

Sasa nisikilize, usinitukane kabla sijamaliza. Si mafuta. Sianoi aliyatema kwa sinki Mama akiwa amegeuka, ameniambia jana. Ni mimi. Jumanne na Jumatano sikumuosha. Nilitoka kwa kibanda changu cha nguo nikiwa hoi, nikasema siku mbili si kitu, na kwa daftari la kliniki nikaandika nimemuosha. Mama ndiye aliyeniuliza mbona sijachemsha maji. Nikamjibu kwamba mambo ya kliniki yeye hayajui. Mama wa watu!

Metito nimemwambia leo asubuhi. Kesho naenda kumwambia mwalimu mkuu kosa ni langu, mtoto aachwe kwa dawati lake na wenzake. Wewe msomee Mama barua hii yote, usiruke mahali. Namwomba arudi, hata kama ni kuja kunigombeza.

Nilimuuliza Sianoi mbona hakusema ukweli mbele ya baba yake. Akasema kokoo, nyanya yake, alikuwa ameshafukuzwa, akaogopa na mimi nitafukuzwa.

Wasalimie watoto na majirani wote wanaonikumbuka kwa mema.

Ni mimi wifi yako,
Mutheu