Fanueli Shemhando, Aliyeita Mara Nne Kwenye Ukungu

Umetimia mwaka, Fanueli, tangu Jumamosi ile ulipofunga kamba za buti mlangoni ukamwambia mkeo Dorkasi, "Mama Alen, uniwekee ugali, saa kumi na moja nimerudi." Ugali uliwekwa. Wewe ulirudi Jumapili, umebebwa na waongozaji wenzako kwenye machela ya miti.

Miaka kumi na tisa uliwapeleka wageni msituni juu ya Lushoto, na hukuwahi kumwacha mtu nyuma. Ulimtoa kinyonga tawini ukawaonyesha, kisha ukamrudisha kwenye tawi lile lile, ukisema ana familia inamsubiri. Koti lako la mvua walilivaa wageni zaidi kuliko ulivyolivaa wewe. Kwenye kwaya besi yako iliyumba kidogo, na ukikosolewa ulijibu, "Malaika watairekebisha, ninyi imbeni."

Tunaikumbuka na ile kawaida yako. Ukungu ukishuka ulisimama ukaita, "Mpo?" Kila mgeni alitakiwa kujibu, "Tupo," hata kama yuko hatua tatu tu nyuma yako. Usipojibiwa, ulirudi kutafuta. Uliwaeleza hayo kabla ya safari, mkishamaliza kusali. Hata nyumbani uliita hivyo kabla hujafika mlangoni, watoto wakaitikia kutoka jikoni. Mkeo alikuchokoza: "Tutakuwa wapi, baba? Tumehamia Mombo?"

Siku ile ulikuwa na bwana mmoja na mkewe, waliopanda kutoka Tanga kuja kutembea milimani siku mbili za mapumziko. Ukungu ukashuka. Ukaita. Hawakujibu. Ukatoka njiani kuwatafuta, ukaangukia bondeni.

Haya mkeo hakuyaota. Siku ya tatu baada ya mazishi wale wawili walikuja kutoa pole. Bwana alibaki nje na wanaume. Mwanamke aliingia jikoni, akapiga magoti mbele ya Dorkasi.

"Mama, alituita mara nne," alisema akilia. "Tulikuwa nyuma ya jiwe kubwa. Mume wangu aliniziba mdomo, anacheka, ananiambia, 'Nyamaza, acha atutafute kidogo.' Halafu tukasikia mawe yanaporomoka."

Hajamaliza, mumewe akaita toka nje, "Wewe, gari la Mombo litatuacha!" Yeye aliitikiwa mara moja.

Kwenye ofisi ya waongozaji, bwana huyo alikuwa ameshaandikisha maneno yake: mwongozaji aliacha njia, akatutupa peke yetu. Wakayapokea hivyo hivyo. Jina lako likafutwa kwenye ubao wa waongozaji. Sasa Alen akienda sokoni anaulizwa, "Baba yako si yule aliyewakimbia wageni?" Mtoto anarudi nyumbani, hali chakula.

Dada yako Vumilia alisema, "Wifi, nyamaza, tumwachie Mungu." Mkeo amemwachia Mungu hukumu. Jina lako hakuliacha. Amekwenda ofisini mara sita, amevaa vitenge vyake vya kanisani, amesalimia vizuri, ameambiwa asubiri. Mchungaji naye amemwambia asamehe. Dorkasi anataka kusamehe, kila asubuhi anaomba aweze. Lakini atamsamehe nini mtu anayesema hakukosa?

Nawe bwana uliyejificha nyuma ya jiwe, jina lako hatuliandiki hapa. Unajijua, na gazeti hili linafika Tanga. Mkeo usimgombeze, alisema kweli akiwa amepiga magoti, na wewe hujaisema hata ukiwa umesimama. Hatutaki fedha yako wala machozi yako. Panda Lushoto, ingia ofisi ile ile, sema, "Alituita, tukanyamaza." Maneno mawili tu, bwana. Fanueli alikuita mara nne.

Ibada ya kumbukumbu ni Jumapili hii saa nne asubuhi, usharikani kwetu. Benchi la mbele tumekuachia nafasi moja. Jirani yeyote asikae pale.

Unakumbukwa na mkeo Dorkasi, wanao Alen na Glory, baba yako mzee Timotheo, dada yako Vumilia, wanakwaya, na waongozaji wenzako ambao mpaka leo ukungu ukishuka wanaita kama ulivyowafundisha.

Maisha yetu yote hatutakusahau, Fanueli. Ukiita, sisi tupo. Amebaki mmoja hajaitika.