Usitandike Vitambaa Vipya

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Vitambaa vipya vya makochi ~~vitandike kabla wageni hawajafika~~ usivitandike kabisa, nakuomba!

Asubuhi ulipoviondoa vile alivyofuma Bibi, alijifungia chumbani. Nikagonga. "Niache, mjukuu wangu. Vimechakaa kama mimi." Roho iliniuma, Mama!

Sasa sikia! Bibi alinifungulia mwishowe, akanieleza: kumbe kila kimoja kina ua la rangi yake pembeni. Kila mtoto aliyezaliwa nyumba hii Bibi alimfumia chake! Chako kina ua la njano, tena limefumuka, eti ulikuwa unalitafuna ulipoota meno. Changu kina jekundu. Chuoni mwaka mzima tunasoma mapazia ya wafalme, kumbe historia yangu naikalia!

Nimevifua, viko kambani. Vikikauka vipige pasi upande wa ndani, halafu mwombe Bibi avitandike mwenyewe. Usiseme nimekutuma!

Cha mtoto wa wifi kimefika nusu. Sindano Bibi kaichomeka tu kwenye uzi tangu asubuhi, na wifi anajifungua mwezi ujao. Bibi akiviona vya zamani kwenye makochi, ataishika tena.

Kitinda mimba wako, nimechelewa darasa