Medali Iliyokuwa ya Chelangat

Jumamosi jioni. Mvua imeanza mchana na bado haijachoka. Nguo zangu zinakauka juu ya viti, nami nimejifunika blanketi la mama, nikijaribu kuandika kabla sijabadilisha mawazo.

Leo nimepewa medali.

Ni ya shaba, ya mbio za mita elfu kumi nilizokimbia miaka mingi iliyopita, wakati wa kuchagua timu ya taifa. Siku ile nilimaliza wa nne. Watatu wa kwanza walichukuliwa, mimi nikarudi nyumbani. Wa tatu alikuwa Chelangat, msichana wa Sigowet, rafiki yangu niliyefanya naye mazoezi kila asubuhi tangu tukiwa sekondari. Baadaye alipimwa, akapatikana na dawa mwilini, akafungiwa. Kesi ikavutana, rufaa juu ya rufaa. Mwezi uliopita nikapigiwa simu kwamba nafasi ya tatu ni yangu.

Nilidhani ningelia kwa furaha. Nilimwambia yule mtu asante, nikarudi darasani. Siku hizi mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Goti langu liliamua hivyo, si mimi.

Waliamua kunivisha katikati ya mashindano ya vijana, hapa Kericho, kwenye uwanja ule ule nilikokimbilia siku ile. Mvua ilianza wakati ninaitwa. Mtangazaji alisema "Nafuna" badala ya Nafula. Nikapanda kwenye kijukwaa, pale penye namba tatu, peke yangu. Namba moja na mbili hazikuwa na mtu. Watazamaji walikuwa wanakimbilia hema. Afisa akanivisha medali, akasema, "Hongera, mwalimu," akafungua mwavuli wake akaenda.

Nikaangalia upande wa lango, alikosimama baba siku ile ya mbio. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, akaja moja kwa moja kutoka kuchuma majani chai, na gambuti zake miguuni, akanishangilia kwa Kibukusu mpaka watu wakacheka. Nilipomwendea na machozi alinishika bega. "Umekimbia vizuri, mama," aliniambia. "Hao watatu wamekushinda kwa haki."

Alikufa akiamini hivyo.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ningetaka arudi hata kwa dakika chache, anione juu ya kile kijukwaa, mvua au jua, apige zile kelele zake.

Nisijidanganye, medali naitaka. Ni yangu. Lakini nikiishika mkononi nahisi kama nimeletewa chakula cha harusi ambayo sikualikwa.

Nilipotoka uwanjani nilimkuta Chelangat nje ya ua, amejikinga na gunia la nailoni kichwani. Hatukuwa tumeongea tangu afungiwe. Amenenepa kidogo usoni. Nimesikia anauza mitumba sokoni kwao.

"Nimekuja kuona ukipewa," alisema.

"Ungeingia ndani."

"Niingie wapi? Hapo wote wananijua."

Tukatembea pamoja kuelekea stendi, bila kupanga. Miguu yetu ikaingia kwenye mwendo mmoja, kulia na kulia, kushoto na kushoto, kama zamani tulipokuwa tukipanda mlima katikati ya majani chai na umande ukitulowesha mpaka kiunoni. Nilitaka kupunguza mwendo ili tuachane. Sikuweza.

"Siku ile ulinikumbatia," alisema. Hakuniangalia. "Ukaniambia ni sawa, bora mmoja wetu ameenda. Nilitaka kukuambia hapo hapo. Mdomo ukakataa."

Ni kweli nilimkumbatia. Alinipita kwenye mzunguko wa mwisho, nami nilijua nimetoa kila kitu, kwa hiyo nilimfurahia bila kinyongo. Sijawahi kumfurahia mtu vile tena.

"Na baadaye?" nikamuuliza.

"Baadaye watu wa nyumbani walikuwa wameshanipokea na mursik. Ukishakunywa yale maziwa mbele ya kijiji kizima kama mshindi, utaanzia wapi kusema?"

Nikamuuliza swali ambalo nimelibeba miaka yote hii. Kwa nini alizitumia zile dawa?

Alinijibu tulipokwisha kupita maduka. "Ulikuwa umeanza kuniacha mazoezini. Kila asubuhi nilikuwa naona mgongo wako tu. Niliogopa utaenda, mimi nibaki hapa."

Sikuwa nimejua. Nilidhani ni tamaa, au kocha, au yule mtu wa mjini aliyekuwa akiwazungukia wakimbiaji na sindano zake. Kumbe alikuwa ananikimbiza mimi.

"Mazoezini ningekungoja," nilimwambia, na sauti yangu ikapanda kuliko nilivyotaka. "Ungesema neno moja tu ningekungoja. Kwa mbio, hapana. Kwa mbio ningekushinda, ama unishinde, halafu tupande gari moja turudi nyumbani. Ni hivyo tu, Chela. Ni hivyo tu tulikuwa tunahitaji."

"Najua," alisema.

Hakuomba nimsamehe, na nadhani nilimshukuru kwa hilo. Medali ilikuwa shingoni mwangu wakati wote na hakuiangalia hata mara moja. Nikapanda boda, yeye akabaki pale amesimama na gunia lake.

Nilipofika, mama aliifuta medali kwa leso, akaigeuza huku na huku, akaiweka mezani. Halafu akauliza, "Na yule msichana wa Sigowet, alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Na umemwacha kwa hii mvua? Mbona hukumleta akule?"

Mama anajua yote aliyoyafanya Chelangat. Anajua pia kwamba msichana huyo alikula ugali wetu miaka mingi, na kwake hayo ni mambo mawili tofauti.

Sijamsamehe. Naandika hapa ili nisije nikajifanya mtu mwema kesho. Aliniibia timu, aliiba furaha ambayo baba angekufa nayo, na alinifanya nisherehekee wizi wenyewe.

Lakini ninamkosa. Ninaikosa ile saa kabla ya jua, wakati hatuonani vizuri na ninajua yupo kwa sababu nasikia anavyohema kando yangu.

Nimemtumia ujumbe: Jumatatu asubuhi, polepole tu, goti langu ni bovu.

Bado hajajibu. Je, nikimwona akija kwenye ukungu, nitaanza kukimbia au nitageuka nirudi nyumbani?