Mtambo Mpya na Jicho la Mama

Chumba cha Mitambo,
Ghorofa ya Chini, Hospitalini.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko? Wifi hajambo? Na yule mdogo, kikohozi kimemwacha? Sisi huku tu wazima, ingawa leo mkono unasita kuliandika neno hilo. Mama anakula vizuri, anatembea, anawasema majirani kama kawaida yake. Kwa hiyo usishtuke. Kaa tu usome taratibu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungeanza kunihurumia kabla sijamaliza, nami ningeishia kulia na kukata. Ni kuhusu ile miadi ya jicho la Mama.

Kazi yangu unaijua. Mgonjwa akiingia kwenye tovuti ya hospitali kuomba miadi, kuna mtambo unaompokea kama mtu wa mlangoni na kumpeleka kwenye seva yenye nafasi, yaani zile kompyuta zinazopokea maombi, ili seva zote zigawane mzigo. Ule wa zamani tulikuwa tunauita Babu. Ulikuwa mzito, kila Jumatatu asubuhi unaganda, na watu wanatutukana kwenye simu. Mwaka huu tukaambiwa tuchague mwingine.

Kaka, nilivyolivalia njuga jambo lile! Mkurugenzi alitaka ule wenye jina kubwa, muuzaji wake keshatuletea kalamu na kalenda. Mimi nikang'ang'ania mwingine, mwepesi, niliojifunza mwenyewe. Nikaongea mkutanoni mpaka mate yakanikauka, wakanikubalia. Na hata leo nasema mtambo wenyewe hauna kosa. Mwenye kosa ni aliyeuwasha.

Siku ya kuhama nilinakili mipangilio yote ya Babu. Nikakuta seva moja kati ya tatu tulizonazo imefungiwa njia, haipelekewi mtu. Aliyeifungia ni mwenzangu, tunamwita Mzee Nyaya, naye alikuwa likizo. Namba yake ninayo. Sikumpigia. Nilijisemea huyu alisahau tu, ngoja niifungue mimi, akirudi akute mambo yanaruka. Nikaifungua.

Kumbe seva ile ilikuwa ya majaribio tu. Inampokea mtu, inamwandikia "Umepangiwa, karibu," halafu ombi lake linabaki humo humo, halifiki kwenye orodha ya daktari. Na usidhani sikujaribu kabla! Nilijaribu sana, ila kwa kompyuta ya mezani kwangu peke yake, na huu mtambo mpya una tabia ya kumkumbuka mtu na kumrudisha pale pale alipoanzia. Basi kila mara nilipelekwa kwenye seva nzima. Nikapiga makofi peke yangu kama mwehu. Mkurugenzi akaninunulia soda.

Wiki ile ile ndiyo ulimjazia Mama fomu ukiwa huko, ukatutumia picha ya jibu, na sote tukafurahi kwamba amempata yule bingwa wa macho anayekuja mara chache. Kumbe wewe ulipelekwa kwenye seva ile mbovu. Siku ya miadi nilikuwa huku chini na nyaya zangu, simu zikaanza kumiminika: watu wamefika, majina hayapo. Nikapanda juu mbio. Sijafika ukumbini nikamsikia Mama, yuko kwenye benchi anawatuliza wenzake.

"Jamani, vumilieni kidogo. Mwanangu ndiye anayeshughulika na hiyo mitambo. Atarekebisha sasa hivi, namjua."

Kaka, niligeuka nikarudi chini. Sikuthubutu kujitokeza. Nilikuta majina yao yamekwama kwenye ile seva, nikaifunga, nikakaa sakafuni, aibu imenijaa mpaka masikio yanawaka. Daktari aliwaona waliokuwa kwenye orodha yake, akaondoka. Mama akarudi nyumbani na jicho lake vile vile.

Jioni ukapiga simu. Ukasema labda ulikosea kujaza, labda ulibonyeza vibaya, ukamwomba Mama msamaha mpaka sauti ikakukatika. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Mimi, Kidomodomo wenu, siku hiyo sikuwa na mdomo. Tena afadhali ningenyamaza moja kwa moja. Nikasema, "Haidhuru, Kaka, hutokea." Nikakusamehe! Nimeharibu mimi, halafu mimi ndiye wa kutoa msamaha. Sijui nilipata wapi uso wa kusema vile.

Hukukosea kitu, Kaka. Ulijaza sawasawa kuanzia juu mpaka chini. Ni mimi. Nisamehe ukiweza, na usipoweza leo nitasubiri.

Kazini nimekiri, nimepewa onyo, na nalistahili. Mzee Nyaya aliporudi alinitazama tu, akasema, "Si ungepiga simu?" Mama nimembembelezea nafasi, bingwa akirudi yeye ndiye wa kwanza. Lakini nisikufiche, ukungu jichoni mwake umeongezeka. Siku hizi akimimina chai anaweka kidole ukingoni mwa kikombe ajue kama imejaa. Daktari wa hapa anasema tungoje, ila hakubali kutuahidi kwamba ataona kama ambavyo angeona angetibiwa siku ile.

Leo baada ya chakula nilimwambia Mama yote. Nilipiga magoti kabisa. Nilitaka anigombeze, hata kofi ningelipokea. Badala yake akauliza, "Na wale niliokaa nao kwenye benchi, nao umewatafutia nafasi?"

Sikuwa nimewatafutia. Wallahi, hata haikunipitia akilini. Nilikuwa nimemshughulikia mama yetu tu.

Ndiyo maana unaona barua hii inatoka kazini siku ya mapumziko. Majina yao yote bado yamo kwenye ile seva. Nikiweka kalamu chini naanza kuwapigia, mmoja mmoja, na kila mmoja nitamwambia ni nani aliyemkosesha daktari.

Msalimie sana Wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mjomba anakusalimu, na Mama Mdogo analalamika kwamba umemtupa. Mama anasema ule vizuri. Mola akutunze huko ugenini, akupe afya na usingizi mzuri, atukutanishe tukiwa salama.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ingawa leo sina macho ya kukutazama,
Kitinda mimba wenu.